Risasi Kumi Ndani ya Unga

Jumamosi iliyopita mlinizunguka kwa maswali hadi chai ikapoa, na kila mmoja wenu akaondoka na kipande chake. Nasikia Mama Brenda anawaambia watu kwamba nilipigwa risasi. Sikupigwa risasi. Kwa hiyo nimeamua kuiandika safari yote tangu mwanzo, wanakikundi wote muisome sawasawa, asije mtu akasema kwangu alisema hivi na kwa fulani vile. Habari za viza na tiketi naziruka. Mnazijua wenyewe, na zinaudhi.

Thornton Heath

Mnajua mimi ni mtu wa shaka. Marehemu mama alikuwa akisema siku niliyozaliwa nilimkagua mkunga kabla ya kulia. Uuguzi ndio ukanizidishia: mgonjwa akiniambia hajambo, mimi nasoma chati kwanza.

Mdogo wangu wa mwisho, Eli, anaishi Idaho, huko magharibi ya Marekani, kwenye mji mdogo uliobanwa na milima. Anafundisha hesabu shule ya sekondari. Mkewe Nuru alifariki mwaka jana kwa saratani, na hawakujaliwa mtoto. Tangu hapo simu zake zikawa fupi. "Nipo dada, nasukuma siku." Basi.

Halafu ndani ya wiki moja yakatokea mambo mawili. La kwanza ni picha. Eli ameketi juu ya jiwe porini, kofia kichwani, na kiunoni ana ala ya ngozi, ndani ya ala mpini wa bastola. Nikamwuliza hiyo nini? Akajibu, "Ya njiani tu dada, mambo ya nyoka." La pili lilikuja kwa posta: saa ya mkono ya baba. Ile saa baba alimpa Eli na si mimi mkubwa wao, nikanuna miaka mingi, hilo sifichi. Eli mwenyewe hakuwahi hata kuivaa, aliiweka kwenye droo kama yai. Sasa ameifunga kwenye kitambaa na kuandika maneno mawili: "Itunze wewe."

Jamani, mimi nimefanya kazi wodini. Mtu amefiwa, anaishi peke yake, ana bastola, halafu anaanza kugawa vitu anavyovipenda. Dalili ya mvua ni mawingu. Roho ilinipasuka pale pale mlangoni, postamani hata hajafika geti la jirani.

Binti yangu Upendo akaniambia kwa Kiingereza chake, "Mama, si umwulize tu moja kwa moja?" Watoto waliozaliwa London wanafikiri kila kitu kina swali lake. Kazini mimi hilo swali nawauliza watu nisiowajua, lipo kwenye fomu, naliuliza huku nimeshika kalamu. Lakini kwa ndugu yangu wa tumbo moja? Kwetu ukilitamka umeliita. Nikamwandikia Eli kwamba nimepata likizo na nimemkumbuka, nakuja kumsalimia. Ndani ya moyo nilikuwa na kazi moja tu: kumtenga na ile bastola.

Nikaenda Tooting, hapa hapa London, kununua unga wa mahindi mweupe, dagaa na iliki. Yule mzee Mhindi wa dukani, aliyezaliwa Mwanza, akaupima kwa mkono mfuko wa unga akacheka. "Mama, unawapelekea Wamarekani unga mweupe? Watadhani ni ule mwingine." Sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kushuku hata unga.

Seattle, saa saba za kusubiri

Ndege ilitoka Heathrow vizuri. Nililishwa pasta isiyo na chumvi nikalala. Seattle ndipo mambo yalipoanza, maana nilitakiwa kubadili ndege kwenda Boise, na ofisa wa forodha akanipenda kuliko abiria wote.

"Hii ni nini?"

"Unga. Wa chakula."

"Chakula gani?"

Mweleze mtu ugali akiwa amevaa glavu. Nikaeleza. Akafungua mfuko, akanusa, akaniangalia, nami nikamwangalia. Akaita mwenzake, naye akanusa. Dagaa waliwashtua zaidi, maana walikuwa wanawatazama. Mwisho wakanirudishia kila kitu. Lakini nilinasa jambo moja: wote wawili waliuangalia unga juu juu, hakuna aliyetia mkono ndani. Nikaliweka akilini bila kujua nitalitumia wapi.

Ndege ya Boise ikacheleweshwa. Misitu ilikuwa inaungua mahali fulani na moshi umefunga njia. Saa saba nilikaa pale. Pembeni yangu alikuja mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana, kabeba mfuko mrefu mwembamba wa plastiki ngumu. Machale yakanicheza. Nikavuta begi langu karibu. Akafungua mkate wenye nyama, akaukata katikati akanipa nusu.

"Ahsante, nimefunga," nikasema. Sikuwa nimefunga. Njaa ilikuwa inanikata, lakini mtu humjui, mkono wake hujui umetoka wapi.

Akala zote mbili. Baadaye akaufungua ule mfuko mrefu: fimbo ya kuvulia samaki. Nikaona haya kidogo, nikamsemesha. Nikamwuliza, kama mtu anayepitisha wakati, kwa nini mtu wa huko kwao abebe bastola akienda kutembea porini.

"Kubwa au ndogo?"

Nikamwonyesha picha ya Eli. Akaikuza kwa vidole.

"Ah, hii ni namba ishirini na mbili. Ndogo kabisa. Watu huibeba kwa sababu ni nyepesi. Nyoka, sungura, au ukipotea unapiga tatu hewani. Dubu akikujia, hiyo mtupie tu na ukimbie." Akacheka hadi kofia ikalala upande.

Sikumwamini. Mtu anayecheka na silaha simwamini. Na tena wodini nimejifunza kwamba udogo wa kitu si hoja.

Nyumba ya Eli

Eli alinipokea Boise, akaniendesha kwa muda wa saa tatu milimani. Alikuwa amekonda, shati limemlegea shingoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula."

Nikamwangalia mshipi wake: ametoboa tundu jipya kwa msumari. Haya, anakula.

Nyumba yake ilikuwa safi mno. Mwanamume mjane, nyumba inang'aa, vyombo vimepangwa kwa ukubwa, mimi sikupenda. Jioni hiyo baada ya kula nikamtolea ile saa. "Nimekurudishia. Ya kwako hii, baba alikupa wewe."

Akaisukuma kwa kidole, taratibu, hadi ikanifikia tena. "Kaa nayo, dada. Kwako ni salama zaidi."

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba, nikalia.

Asubuhi alipokwenda kazini niliipekua nyumba. Ndiyo, niliipekua, na ningempekua hata askofu. Chini ya magodoro, nyuma ya vitabu, ndani ya jokofu, kwenye viatu vya Nuru ambavyo bado vimepangwa mlangoni. Juu ya kabati nikapata kisanduku cha bastola. Ndani kuna kichupa cha mafuta na brashi nyembamba, na nafasi tupu yenye umbo lake. Bastola haipo. Jamani, hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana kitu unachokiona unaweza kukilinda.

Halafu kuna jirani. Loretta, mama wa Kizungu wa miaka sabini na kitu, nyumba ya pili, nywele fupi nyeupe, suruali ya kazi. Kila nikitoka nje alikuwa kibarazani akiniangalia. Nikimpungia mkono ananipungia, lakini macho hayapungi. Siku ya pili akanijia moja kwa moja.

"Umekuja kwa muda gani?"

"Siku kumi."

"Utamchukua?"

"Kumchukua nani?"

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba, akarudi kwake. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Huyu anajua bastola iko wapi. Huenda ndiye aliyemuuzia.

Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, nikamwona Eli kwa dirisha akitoka kwa Loretta. Ameshika kikombe cha kahawa mkono mmoja, na mkono wa pili ile ala ya ngozi, bastola ndani.

Kopo la soda

"Leo nataka nikufundishe," Eli akasema. "Kesho tunakwenda njia ya mlimani, na huko mtu asiyejua kitu hiki asitembee nacho karibu."

Nikakubali haraka. Adui mjue jina na kabila.

Alinipeleka nyuma ya mji, mahali penye ukuta wa udongo, akaweka kopo la soda hatua kumi hivi. Akanipa vizibo vya masikio na miwani. Jinsi alivyozungumza ndivyo nilivyomwona mwalimu wa hesabu. "Kila bastola ina risasi, hata kama umezitoa mwenyewe sasa hivi. Mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Kidole nje ya kifyatulio mpaka umeamua." Akanionyesha kasha la risasi linavyochomoka kwenye mpini, na risasi zinavyosukumwa nje kwa dole gumba moja moja. Kumi. Nyembamba, fupi kuliko kifundo cha kidole changu cha mwisho, zinapendeza kama shanga. Nilichukia kwamba zinapendeza.

Nilipiga. Ilitoa mlio mkavu, na mkono haukurushwa hata kidogo. Nikakosa mara nne. Ya tano kopo likaruka, na mimi, nawaambia ukweli kwa sababu tumekubaliana ukweli, nilipiga kigelegele. Nilifurahi. Eli akacheka, cheko la kwanza tangu nifike.

"Nuru naye alipiga kigelegele siku ya kwanza," akasema. "Hii ni yake, dada. Yeye ndiye aliyekuwa mtembeaji. Aliinunua baada ya mbwa wetu kuumwa na nyoka."

Kwa hiyo bastola ni ya marehemu. Nyinyi mnaweza kuona hilo ni jambo la kutuliza moyo. Mimi nililiona baya zaidi: kitu cha marehemu humvuta mfiwa.

Jioni ile nilisikiliza alipokwenda. Akaenda kwa Loretta na ala, akarudi mikono mitupu. Nikalala jicho moja wazi.

Njia ya Nuru

Jumapili akaichukua tena mapema kwa jirani. Akaikagua mezani mbele yangu, risasi kumi, akaisukumia ndani ya ala, akatoka kuwasha gari lipate joto.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nilichomoa kasha, nikasukuma risasi zote kumi kwa dole gumba kama nilivyofundishwa jana yake, nikafungua unga wangu wa Tooting, nikazitumbukiza katikati, nikaufunga. Bibi yangu alificha hereni zake kwenye unga, mama alificha pete, na maofisa wawili wa Seattle walikuwa wameshanithibitishia kwamba hakuna atiaye mkono. Nikarudisha kasha tupu mahali pake. Eli alipoingia nilikuwa nafunga kilemba.

"Tayari?"

"Tayari, mdogo wangu." Nikatoka na amani ya ajabu. Leo hatakufa.

Njia ilipanda kati ya misonobari. Tukapita ziwa dogo lenye mahema mawili matatu ya watu waliokuja kupumzika, tukapanda tena. Eli alikuwa akinionyesha: hapa Nuru alipenda kula embe kavu, hapa aliteleza akatukana kwa Kinyamwezi. Nilikuwa namwangalia usoni kila anapotaja jina, kama ninavyomwangalia mgonjwa ninapombonyeza tumbo.

Mnamo saa nane mchana tukafika kijito cha mawe. Mimi nikavuka. Eli akafuata, jiwe likageuka chini ya mguu wake, akaanguka. Nilisikia mfupa. Nimewahi kuusikia kazini, huo mlio hauna mwingine.

Nilimvuta hadi ukingoni. Mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Nikaufunga kwa fimbo zetu mbili za kutembelea na kanga yangu, mikono inafanya kazi yenyewe. Simu zote mbili hazikuwa na mtandao. Eli alikuwa mweupe midomoni lakini ametulia.

"Si neno," akasema. "Wale wa ziwani watasikia. Piga tatu, dada, kwenye ule udongo pale. Hesabu hadi tano kati ya mlio na mlio. Wanajua maana yake."

Akachomoa bastola, akanipa kwa mpini. Nikaishika. Nikasimama kama nguzo.

"Dada. Piga."

"Haina kitu."

"Ina kumi. Nimezihesabu."

"Nilizitoa. Ulipokwenda kuwasha gari. Ziko kwenye unga."

Akajiinua kwa viwiko. "Kwa nini?"

Wenzangu, hapo sikuwa na fomu wala kalamu. Nililisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu. "Eli, unataka kujiua?"

Nilifikiri dunia itapasuka. Haikupasuka. Eli akaegemea jiwe, akafumba macho.

"Sasa hivi hapana," akasema. "Nilitaka. Mwezi wa tano, wa sita. Siku niliyotuma ile saa nilikuwa nimeshaamua. Ulishuku sawasawa, dada. Ila ulichelewa kidogo."

Nikakaa chini kwenye mawe, maji yakiingia kiatuni.

"Nilipotoka posta nikajiogopa mwenyewe. Nikaichukua hii, na risasi zote, nikagonga mlango wa Loretta. Nikamwambia nitunzie. Hakuniuliza chochote. Akasema, sawa, lakini usiache kutembea. Siku ya kutembea utakuja kuichukua, utakunywa kahawa yangu nikikutazama, na utairudisha kabla ya saa kumi na moja jioni. Usiporudi, nakuja kukutafuta."

"Na mimi? Mimi dada yako hukuniambia?"

"Ungeniambia nini? Kwamba ukilitamka umeliita."

Nililia kwa sauti. Nilimpiga kifuani, si kwa nguvu, halafu nikamshika kichwa kama alipokuwa mtoto. Alilia na yeye. Mficha maradhi kilio humuumbua, na tulikuwa wawili tunaoficha, mmoja Idaho na mwingine Thornton Heath.

Tulipomaliza akasema, "Sasa teremka ziwani ukaite watu."

"Sikuachi hapa."

"Dada, si nimekwambia..."

"Nimesikia. Sikuachi."

Nikapanda juu ya jiwe, nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga kigelegele. Cha harusi, kile kirefu, ulimi unafanya kazi mpaka mashavu yanauma. Bonde lote likanirudishia. Nikapumzika, nikapiga kingine. Nilipiga hadi sauti ikakwaruza, nikachanganya na yowe la msiba, maana sikujua lipi litaeleweka huko. Hakuna aliyekuja. Saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja, hakuna. Nikaanza kuwashuku watu wa ziwani, nikawatukana kwa lugha tatu.

Ilipokaribia saa moja jioni, majani chini yetu yakatikisika, na kitu cha kwanza kutokea kilikuwa mtutu wa bunduki, mkubwa, umeelekezwa kwangu. Nikainua mikono juu.

Nyuma ya bunduki alikuwa Loretta.

"Ni wewe?" akasema, akaushusha mtutu chini mara moja. "Ni wewe unayelia hivyo?"

Kumbe watu wa ziwani walisikia kila kitu. Huko kuna paka mkubwa wa milimani, puma, naye akilia hulia kama mwanamke aliyeshikwa koo. Walisikia vigelegele vyangu viwili vya kwanza wakajificha mahemani; ilipopita saa kumi na moja na vilio havijakoma, wakakunja mahema wakakimbilia kwenye magari. Njiani wakakutana na Loretta anapanda, wakamwonya, juu kuna puma mwenye hasira ajabu. Na Loretta, kwa sababu saa kumi na moja ilikuwa imepita na ala haijarudi, akapanda hivyo hivyo kumfuata Eli.

Jikoni

Waokoaji, ambao Loretta alikuwa amewapigia simu kabla ya kupanda, walimteremsha Eli kwa machela jua likizama. Hospitali wakamfunga plasta, wakamlaza usiku mmoja. Loretta akanirudisha nyumbani kwa gari lake. Alipozima injini akasema, "Aliniambia bastola ilikuwa tupu."

Nikajua nimekwisha. Nikamweleza yote, hata saa. Akasikiliza akiangalia mbele.

"Nilidhani umekuja kumhamishia London," akasema. "Nikasema, akienda huko nani atamhesabia saa?"

"Na mimi nilidhani wewe ndiye uliyemuuzia bastola."

Tukaangaliana. Ndipo nikaona ni kwa nini macho yake hayakuwa yanapunga. Alikuwa zamu, kama mimi.

Tukaingia jikoni. Nikauweka mfuko wa unga mezani, yeye akachukua chujio. Tukauchuja wote, mkono kwa mkono, unga mpaka nyusi, na kila risasi iliyotoka akaihesabu kwa sauti. Ya kumi ilipogonga sahani akavuta pumzi. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza.

"Kwenye unga! Mimi naziweka kwenye kopo la kahawa."

"Mama yeyote angeangalia kwenye kopo la kahawa," nikamwambia.

"Basi nitabadilisha." Na nadhani alibadilisha, maana sikuambiwa wapi, wala sikuuliza. Ule unga tuliutupa wote, siwezi kumlisha mgonjwa unga ulioguswa na risasi. Nimeuvusha bahari, nimeutetea mbele ya maofisa wawili, na ugali hatukula.

Kurudi

Siku zilizobaki nilipika wali. Eli alikula sahani mbili, nikiwa nahesabu. Mwalimu mwenzake alimpangia mtu wa kuzungumza naye kila Alhamisi, mtu wa kazi hiyo, na Eli mwenyewe akaniambia bila kuulizwa. Loretta ndiye aliyetuendesha Boise, Eli kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya begi langu.

Kabla sijaingia uwanja wa ndege nilikagua mifuko yote ya koti, mara tatu, nisije nikaingia nchi hii na risasi mfukoni nikaishia kwenye taarifa ya habari. Eli alikuwa ananitazama.

"Dada."

"Mm."

"Ile saa ya baba. Umeifungasha wapi?"

"Iko hapa mkobani. Kwa nini?"

Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyokuwa akiomba kipande cha muwa.

"Naomba."

Niliitoa kwenye kitambaa, nikamfunga mwenyewe mkononi. Mkanda ulihitaji tundu la mwisho, mkono umekonda. Loretta aligeuka kuangalia magari.

Nimesharudi wodini. Kila Jumapili nikitoka kanisani nafungua simu, na kabla sijaifungua nasali tena, hofu haijaisha wala sitawadanganya kwamba imeisha. Mguu haujapona, hatembei mlimani, lakini wana utaratibu wao. Jumamosi Loretta anaitoa bastola, Eli anakwenda na magongo yake, wanaisafisha pamoja kwenye baraza, wanakunywa kahawa, na inarudi ilikotoka. Halafu ananiandikia neno moja: "Nimerudisha."

Jumapili hii neno lilikuwa na mkia. "Nimerudisha. Dada, saa inasimama kila ikifika saa nne. Mzee alikuwa anaigonga wapi?"

Nilisimama pale njiani, watu wa London wananipita wakikasirika, nikamwandikia: "Pembeni, mkono wa kushoto. Kwa ukucha, taratibu. Halafu uitie ufunguo kila asubuhi."

Akajibu, "Kila asubuhi. Sawa."